KUZURU MIJI YA KALE YA ITALIA

Nchi ya Italia imeingia baharini kama mguu uliovaa kiatu kirefu, na waalimu wengi wamekwisha kuwaonyesha wanafunzi wao umbo hilo katika ramani. Walakini ramani haionyeshi jambo liwavutalo watu kwenda huko kwa mamilioni kila mwaka, nalo ni miji yake ya kale. Watu hao hawaendi kununua wala kuuza, hawakuitwa na serikali, wala hawana ndugu huko. Wanakwenda kutazama tu, nao huitwa watalii. Katika somo hili twataka kueleza mambo wanayokwenda kutazama, jinsi yalivyojengwa, na jinsi impasavyo mgeni kujichukua akifika huko. Tena tutaeleza shida kubwa iliyoupata mji mmojawapo, maana shida hiyo imeletwa na wageni wenyewe, wala si kwa nia mbaya.

Kwanza yafaa msomaji ajue ya kuwa Italia haikuwa nchi moja siku zote. Dola ya Warumi ilipoanguka upande wa magharibi katika mwaka 476, nchi iligawanyika, na kwa karne nyingi kila mji mkubwa ulikuwa kama nchi peke yake, una serikali yake, fedha yake na askari wake. Ufalme mmoja wa Italia ulitangazwa katika mwaka 1861, nao ukaondolewa kwa kura za watu katika mwaka 1946. Ndiyo sababu miji hii haifanani. Watu wa Florence walishindana na watu wa Pisa, na watu wa Venice walishindana na watu wa Genoa, kwa biashara na kwa vita. Tena walishindana kwa majengo, kila mji ukitaka kanisa lake liwe zuri kuliko la jirani. Vita vyao vimesahauliwa, bali majengo yangaliko.

Tuanze na Roma. Hadithi za Warumi zasema ya kuwa mji huo uliasisiwa mwaka 753 kabla ya kuzaliwa Kristo. Mgeni ashukaye katika stesheni kuu aweza kwenda kwa miguu, na kabla ya nusu saa kwisha atauona mbele yake ukuta mkubwa wa mawe wenye matao juu ya matao. Huo ndio Colosseum, uwanja wa michezo wa Warumi. Kaisari Vespasian aliuanza, na mwanawe Titus akaufungua katika mwaka 80. Watu yapata 50,000 waliweza kuketi ndani yake, na milango ya kuingilia ilikuwa 80. Kila mlango wa watu wote ulichongwa namba yake juu, ili mtu ajue apitie wapi, na baadhi ya namba hizo zingali zasomeka. Kwa utaratibu huo umati wote uliweza kuingia na kutoka bila kukanyagana, jambo ambalo viwanja vingine vya siku hizi bado havijaliweza. Lakini michezo yenyewe ilikuwa ya kutisha: watu walipigana mpaka kufa, na wanyama wakali walioletwa kutoka Afrika ya Kaskazini walifunguliwa ili wauawe au waue. Mtu anaposimama pale asistaajabie ufundi wa waashi peke yake, akasahau kazi iliyofanywa na ufundi ule.

Atazamaye ataona tena ya kuwa upande mmoja wa ukuta wa nje haupo. Haukuvunjwa na adui. Tetemeko la nchi la mwaka 1349 liliangusha sehemu ya kusini, na watu wa Roma wenyewe wakayachukua mawe yake kwa kujengea majumba na makanisa. Siku hizi serikali hulinda kila jiwe. Katika mwaka 2023 mgeni mmoja alionekana akichora jina lake na jina la mchumba wake ukutani kwa ufunguo. Habari zake zilipoenea aliandika barua ya kuomba radhi, akasema hakujua ya kuwa jengo lile lilikuwa la zamani namna hiyo. Sisi twasema kwamba mtu asiyejua umri wa jengo alilolipia nauli kulitazama ametupa fedha zake bure, hata kama hakuchora kitu.

Kama mtu ana siku moja tu katika Roma, shauri letu ni kwamba asikose kuingia katika Pantheon. Hilo lilikuwa hekalu la miungu ya Warumi, na jengo lililopo sasa lilimalizwa zamani za Kaisari Hadrian, yapata mwaka 126. Paa lake ni kuba moja lenye upana wa meta 43, na kutoka sakafuni mpaka juu ni meta 43 vilevile, hata mpira mkubwa wa kiasi hicho ungeweza kukaa ndani sawasawa. Mpaka leo hakuna kuba kubwa kuliko hilo duniani lililojengwa kwa zege tupu bila vyuma ndani yake.

Waashi wetu watapenda kujua jinsi lilivyowezekana. Warumi walichanganya chokaa na majivu yaliyotoka katika milima ya moto, na mchanganyiko huo hukauka ukawa mgumu kama mwamba, hata chini ya maji. Chini ya kuba, mahali penye uzito, walitia mawe mazito. Kadiri walivyopanda juu walitia mawe mepesi zaidi, na juu kabisa yale yenye matundu kama sifongo, yatokayo katika milima ya moto. Tena ukuta wa kuba ni mnene chini na mwembamba juu. Katikati ya kilele hawakutia kitu, wakaacha tundu la duara lenye upana wa meta 8 na zaidi. Tundu hilo halina kioo. Jua huingia na kutembea ukutani kama mshale wa saa, na mvua ikinyesha huingia pia, maji yakatoka kwa vitundu vidogo vilivyotobolewa sakafuni. Katika mwaka 609 hekalu lilifanywa kanisa, na hiyo ni sababu moja ya kuokoka kwake. Kuingia kulikuwa bure mpaka mwaka 2023, ndipo watalii walipoanza kutozwa.

Katika njia za Roma mgeni huona mabomba ya chuma yatoayo maji mchana na usiku, na maji hayo ni mema ya kunywa, tena ni bure. Basi asinunue maji katika chupa. Katika chemchemi mashuhuri iitwayo Trevi maji huja kwa mfereji ulioanza kutumika mwaka 19 kabla ya Kristo, ingawa umetengenezwa mara nyingi. Watalii hutupa sarafu ndani yake, wakiamini ya kuwa atupaye atarudi Roma tena. Sarafu hizo hukusanywa zikapewa chama cha Kanisa kisaidiacho maskini.

Mgeni ataona pia nguzo ndefu za jiwe zilizochongoka juu, zimesimama katikati ya viwanja. Nyingi zililetwa na Warumi kutoka Misri, maana washindi walipenda kuwaonyesha watu wao vitu vya nchi walizozishinda. Desturi hiyo haikwisha na Warumi wa kale. Katika mwaka 1937, baada ya Italia kuishambulia Uhabeshi, serikali ya Mussolini iliichukua nguzo moja kubwa ya mji wa Aksum, yenye urefu wa meta 24 hivi, ikaisimamisha Roma mbele ya wizara iliyoshughulikia makoloni. Katika mapatano ya amani ya mwaka 1947 Italia iliahidi kurudisha vitu vilivyochukuliwa, na ahadi hiyo haikutimizwa upesi. Nguzo ilirudi katika mwaka 2005, imekatwa vipande vitatu na kuchukuliwa kwa eropleni, na katika mwaka 2008 ikasimama tena Aksum. Msomaji akienda Roma hataiona, wala hana sababu ya kusikitika.

Ndani ya Roma mna nchi nyingine ndogo, Vatikano, makao ya Baba Mtakatifu, iliyo dola peke yake tangu mwaka 1929. Wasomaji walio Wakatoliki wana sababu zao wenyewe za kupatazama mahali pale. Huko ndiko Laurean Rugambwa wa Bukoba alikofanywa Kardinali katika mwaka 1960, na huko ndiko mashahidi 22 wa Uganda walikotangazwa kuwa watakatifu katika mwaka 1964. Dari ya kanisa dogo liitwalo Sistina ilipakwa picha na Michelangelo tangu mwaka 1508 mpaka 1512, naye alifanya kazi amesimama juu ya jukwaa, shingo imepinda nyuma na rangi yamdondokea usoni. Watu hutoka mle wameshika shingo zao kwa kutazama robo saa tu. Aingiaye makanisani sharti awe amefunika mabega na magoti, mwanamume kwa mwanamke. Mabawabu humrudisha mlangoni asiyevaa hivyo, hata akiwa amesafiri kutoka ncha ya dunia.

Hapa tueleze mambo machache ya safari. Mtu wa Afrika ya Mashariki hana budi kuomba viza kwa wajumbe wa Italia kabla ya kuondoka. Miezi ya Aprili, Mei na Oktoba ni mizuri. Julai na Agosti jua ni kali, na safu za watu milangoni ni ndefu mno. Tiketi za majengo makubwa hununuliwa mbele, siku nyingi kabla. Kati ya Roma na Florence treni za mwendo mkali huchukua saa moja na nusu hivi. Lakini katika treni ndogo za mikoa, mwenye tiketi ya karatasi sharti aitie alama katika mashine iliyopo stesheni kabla ya kupanda. Asipofanya hivyo hutozwa faini, na kusema "sikujua" hakumsaidii. Mwizi wa Italia aghalabu hana kisu. Ana vidole vyepesi, naye hupenda mabasi yaliyojaa. Kahawa inywewayo kwa kusimama penye meza ya mwuzaji mara nyingi ni rahisi kuliko ile iletwayo mezani kwa mtu aliyeketi. Tena mgeni aingiapo dukani na aamkie kwanza, "Buongiorno," kabla ya kutaja haja yake. Waitalia wana desturi hii kama sisi, nao humwona mtu aanzaye na haja yake kuwa hakufunzwa nyumbani.

Florence twaupitia upesi, si kwa kuwa ni mdogo kwa sifa, bali vitu vyake vingi ni picha na sanamu, na picha haielezeki kwa maneno. Tutaje kuba la kanisa kuu tu. Kanisa lilijengwa likaachwa na tundu kubwa juu, maana hapakuwa na miti ya kutosha kuwekea jukwaa la kulishikilia kuba la upana ule. Filippo Brunelleschi, aliyefundishwa kazi ya ufua dhahabu wala si uashi, alianza katika mwaka 1420, akajenga kuba mbili, moja ndani ya nyingine, na kuyapanga matofali kwa namna ambayo kila duara lilijishikilia lenyewe kabla ya duara jingine kuwekwa juu yake. Mwaka 1436 kazi ilikwisha. Ngazi za kupandia ni 463, zapita kati ya kuba hizo mbili, na mwenye moyo mbovu asizijaribu.

Pisa kila mtu aujua kwa mnara wake ulioinama. Ulianzwa katika mwaka 1173, na ulipofika ghorofa ya tatu udongo laini wa upande mmoja ulikwisha kudidimia. Kazi ikasimamishwa karibu miaka mia kwa sababu ya vita, na wenye maarifa wasema kwamba vita hivyo ndivyo vilivyouokoa, maana udongo ulipata nafasi ya kushikamana. Kama wangaliendelea kujenga, ungalianguka. Katika mwaka 1990 ulifungwa kwa hofu. Mafundi wakajaribu njia nyingi, na iliyofaa ilikuwa rahisi: waliondoa udongo kidogo kidogo chini ya upande ulioinuka, mpaka mnara wenyewe ukajirudisha nyuma yapata sentimita 45. Katika mwaka 2001 ulifunguliwa tena, ungali umeinama, maana hakuna aliyetaka unyoke kabisa. Pisa bila kosa lile ungepata wageni wangapi?

Upande wa kusini, karibu na Naples, pana Pompeii, mji uliofunikwa na majivu ya mlima Vesuvius katika mwaka 79. Wachimbaji walianza kuufukua katika mwaka 1748, wakakuta nyumba, mawe ya kusagia, mikate iliyoungua, na njia zenye alama za magurudumu. Wageni hutembea humo mchana, na jioni milango hufungwa, maana hakuna mtu akaaye pale. Tumeutaja Pompeii kwa sababu wako watu katika mji mwingine, ulio mzima na wenye maji safi na taa, waogopao kwamba mji wao utakuwa hivyohivyo.

Mji huo ni Venice. Umejengwa juu ya visiwa vidogo 118 ndani ya wangwa, na watu wa kwanza walikimbilia huko kujiponya na maadui wa bara. Hauna motakaa hata moja. Barabara zake ni mifereji ya maji, na mgonjwa huchukuliwa hospitali kwa mashua. Madaraja ni zaidi ya 400. Mtu wa pwani ajuaye boriti za mikoko hatashangaa akiambiwa jinsi ulivyojengwa: magogo ya miti yalipigwa chini katika matope, yamesongamana, na juu yake yakawekwa mbao na mawe, kisha nyumba. Chini ya daraja la Rialto, lililomalizwa mwaka 1591, yasemekana mna magogo 12,000. Hayakuoza, maana mti huoza upesi penye maji na hewa pamoja. Uliozama kabisa katika matope yasiyo na hewa hudumu mamia ya miaka.

Kwa zaidi ya miaka elfu mji huu ulijitawala wenyewe, chini ya mkuu aliyechaguliwa, mpaka Napoleon alipouchukua katika mwaka 1797. Utajiri wake ulitoka katika merikebu, na biashara yake ilitufikia hata sisi. Katika mwaka 1291 wafanya kioo wote waliamriwa kuhamia kisiwa cha Murano, kwa kuwa tanuu zao zilihatarisha mji kwa moto, na kazi ya kioo ingaliko pale. Shanga za Venice zilipelekwa nchi nyingi, na katika karne ya 19 zilishuka Unguja na Bagamoyo, zikachukuliwa na wapagazi mpaka Tabora na Ujiji. Walijua kwamba kila nchi ilikuwa na rangi yake iliyopendwa. Mwenye msafara aliyekosa rangi ya haki aliweza kulala na njaa juu ya mizigo ya shanga. Huenda baadhi ya wazee wetu wangali na ushanga mwekundu wa namna hiyo katika kikapu, wala hawajui ya kuwa ulitoka kisiwa hicho.

Adui wa kwanza wa Venice ni bahari. Tarehe 4 Novemba 1966, siku ileile mto Arno ulipofurika Florence na kuharibu vitabu na picha zisizohesabika, maji ya Venice yalipanda sentimita 194 juu ya kipimo chao. Katika mwaka 2019 yalifika sentimita 187. Mji nao ulikuwa umedidimia, kwa sehemu kwa sababu viwanda vya karibu vilivuta maji ya chini ya ardhi kwa miaka mingi, mpaka kazi hiyo ilipokomeshwa. Basi serikali ilijenga milango 78 ya chuma katika njia tatu za kuingilia bahari. Milango hulala chini imejaa maji; maji makuu yakitazamiwa, hupulizwa hewa ndani yake ikainuka na kuizuia bahari. Ilitumika kwa mara ya kwanza mwezi wa Oktoba 2020, na uwanja wa Mtakatifu Marko ukabaki mkavu. Gharama zilikuwa kubwa kupita kiasi, na baadhi ya wakubwa walishtakiwa kwa rushwa, lakini milango yafanya kazi.

Adui wa pili hazuiliki kwa milango ya chuma. Katika mwaka 1951 wenyeji wa mji wa kale walikuwa yapata 175,000. Katika mwaka 2022 walipungua chini ya 50,000. Hawakufa kwa tauni. Mwenye nyumba akiipangisha kwa watalii kwa siku, hupata fedha nyingi kuliko kwa mpangaji wa mwaka. Basi kijana aoaye hapati chumba, akahamia bara. Watu wakipungua, mwoka mikate hufunga, na duka lake huuza vinyago vya uso na shanga, nyingine si za Murano. Shule nazo hukosa watoto. Wageni wengi huja asubuhi, hupiga picha, hula walichokuja nacho, huondoka jioni, na mji hubaki na takataka zao. Tangu Agosti 2021 meli kubwa za watalii zimekatazwa kupita mbele ya uwanja wa Mtakatifu Marko. Tena tangu tarehe 25 Aprili 2024, katika siku zilizotajwa, mgeni wa mchana hulipa kodi ili aingie mjini, nayo katika mwaka 2024 ilikuwa euro 5. Alalaye mjini hasamehewi kodi ya nyumba ya wageni, lakini hiyo ya mlangoni halipi. Wenyeji wengine waliipinga, wakasema mji wenye tiketi si mji tena, ni nyumba ya makumbusho. Wengine wakasema kodi ni ndogo mno, haitamrudisha nyuma mtu aliyekwisha kutoa nauli ya eropleni.

Kwa maoni yetu, msafiri awezaye na alale Venice walau siku mbili, na kununua mkate wake kwa mwoka mikate aliyebaki. Jioni, treni na mabasi yakiisha kuwachukua watu wa mchana, na apite karibu na daraja la Rialto. Huko pana duka la dawa, na tangu mwaka 2008 dirishani mwake mmewekwa namba za taa. Hazionyeshi saa wala bei ya dawa. Zahesabu wenyeji wa Venice waliobaki, nao wapitao njia husimama kidogo kutazama kama zimeshuka.